Ankara ya Intaneti na King'amuzi: Yapi Yanazungumzika?



Sokoni hakuna anayeona haya kuuliza bei ya mwisho. Mnunuzi hutaja yake, muuzaji hutaja yake, hatimaye hupatana. Lakini inapofika ankara ya intaneti ya nyumbani au malipo ya king'amuzi cha televisheni, wengi wetu hunyamaza. Hulipa kiasi kilekile mwezi baada ya mwezi, na kinapowashinda huacha huduma ikatike bila kumweleza mtu. Leo nataka kueleza kwamba nafasi ya kuzungumza ipo, mradi mteja ajue yapi yanazungumzika na yapi hayazungumziki.

Tuanze na yasiyozungumzika. Mtoa huduma mwenye leseni hutakiwa kuwasilisha bei zake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kabla ya kuzitumia. Kwa hiyo mhudumu wa dukani au wa kwenye simu hawezi kukupunguzia bei iliyotangazwa kama afanyavyo muuza vitenge. Kodi nayo haina mjadala. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara ni asilimia 18; kifurushi kinachotajwa kuwa shilingi 50,000 kabla ya kodi hufika shilingi 59,000 kwa kiwango hicho. Kila mara uliza kama bei unayotajiwa imejumuisha kodi.

Yanayozungumzika ni haya: kuhamia kifurushi cha chini, gharama za kufungiwa huduma na kifaa, ofa wanayopewa wateja wapya, fidia ya siku ambazo huduma haikupatikana, na kusimamisha huduma kwa muda unaposafiri. Mtoa huduma halazimiki kukubali kila ombi, lakini asiyeombwa hana sababu ya kutoa.

Kabla ya kuomba, pima matumizi ya nyumba yako. Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde. Video moja ya picha angavu huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Nyumba ambayo watu watatu hutazama video kwa wakati mmoja huhitaji kama megabiti 15, pamoja na akiba kidogo kwa simu nyingine. Ikiwa mnalipia megabiti 50, pana jambo la kuzungumza. Na ikiwa intaneti ni nzito chumbani, angalia kwanza kifaa cha Wi-Fi kimewekwa wapi. Kilichofichwa kabatini au nyuma ya ukuta mnene hudhoofisha mawimbi, na kupandisha kifurushi hakutaondoa kasoro hiyo.

Kwa upande wa televisheni, orodhesheni kwa wiki mbili chaneli mnazozitazama kweli. Kisha uliza chaneli hizo zimo katika kifurushi gani cha chini kabisa, na zipi zitaendelea kuonekana bila malipo kifurushi kikiisha. Kama anayehitaji kifurushi kikubwa ni mpenzi wa mpira peke yake, uliza kama unaweza kukipandisha msimu wa ligi na kukishusha ligi ikiisha.

Soma pia mkataba wako. Tazama unamalizika lini, una faini gani ukivunjwa mapema, na kama kifaa ni chako au ni cha kurejesha. Muda mzuri wa kuzungumza ni wiki chache kabla mkataba haujamalizika, au kabla ya kulipia mwezi unaofuata. Ukishalipa, umekubali.

Unapopiga simu au kufika ofisini, sema kwa adabu na kwa takwimu. Waweza kusema hivi: "Ndugu mhudumu, nimekuwa mteja wenu kwa miaka mitatu na ninalipa kwa wakati. Nyumbani kwangu tunatumia chini ya nusu ya kasi tunayolipia, na mwezi uliopita huduma ilikatika siku nne. Naomba kifurushi kinachonifaa, na siku hizo nne zifidiwe." Akisema hana uwezo wa kuamua, mwombe kwa upole akuunganishe na msimamizi wake. Ukitaja kwamba utahamia kwa mtoa huduma mwingine, hakikisha kwanza kwamba huyo mwingine amefika mtaani kwenu. Tishio lisilo na msingi hukuvunjia heshima na halishushi ankara.

Mkikubaliana, omba makubaliano kwa ujumbe mfupi au barua pepe, na uandike tarehe, jina la mhudumu na namba ya kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ankara ifuatayo ikija na bei ya zamani, daftari hilo ndilo litakalokutetea.

Usipotendewa haki, peleka malalamiko kwa maandishi kwa mtoa huduma mwenyewe kwanza. Asipoyatatua, yalete kwa Mamlaka pamoja na vielelezo vyako. Sheria Na. 12 ya mwaka 2003 iliyoanzisha Mamlaka ndiyo pia iliyounda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi yenu.

Tuchukulie kwamba mazungumzo ya dakika 20 yamepunguza shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 180,000. Kwa nyumba yenye wanafunzi, hizo ni sare, viatu na madaftari. Fedha hiyo ni yenu kabla haijawa ya mtoa huduma, na kuulizia matumizi yake hakumpunguzii mtu heshima.