Uongozi wa Hifadhi Huanzia Nje ya Mpaka

Ndugu wahitimu: Tangu 1963 chuo hiki cha Mweka kinaandaa watu wa kusimamia hifadhi na mapori ya Afrika, nanyi sasa mmeingia katika safu hiyo mkiwa mmesoma ikolojia, sheria na mbinu za doria. Nitasema juu ya sifa moja tu ya kiongozi, ambayo haina mtihani wala cheti: kuaminiwa na wanakijiji wanaopakana na hifadhi. Naiweka mbele ya ushupavu na mbele ya utaalamu, kwa sababu jangili hupita kijijini kabla hajafika porini. Hununua chakula, hulala kwa mtu, hukodi pikipiki. Watu humwona. Swali ni kama wataona sababu ya kumpigia simu mhifadhi.

Ushahidi tunao hapahapa nyumbani. Kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000. Katikati ya msiba huo, Oktoba 2013, ikaanzishwa Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili, kwa lengo ambalo kila mpenda wanyamapori angeliunga mkono. Baada ya wiki chache ilisitishwa. Wananchi walilalamika kwamba wamepigwa, wameteswa, mifugo yao imeuawa. Wapo waliopoteza maisha. Kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba mwaka uleule mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Hasara ya kisiasa ilisahaulika upesi. Hasara ya mhifadhi ni nzito zaidi, maana mtu aliyepigwa mbele ya wanawe hatakuletea habari ya bunduki iliyofichwa kwa jirani. Tazameni kwa upande wa pili kesi ya Yang Feng Glan, aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu. Alikamatwa 2015 baada ya wachunguzi kumfuatilia kwa muda mrefu, akahukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2019. Aliyefikishwa mahakamani safari hii alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini, na kilichomfikisha huko ni taarifa na subira.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya watu wasiojua risasi. Hoja yao ina uzito, na hatuna haki ya kuipuuza: Virunga, nchini Kongo, askari zaidi ya 200 wameuawa wakilinda hifadhi. Askari lazima awe na silaha, mafunzo na kiongozi anayemtetea. Lakini nidhamu ya silaha ndiyo kazi ngumu ya uongozi, hasa sasa ambapo taasisi zetu zinaendeshwa kwa mfumo wa jeshi usu. Askari akimdhalilisha mchunga ng'ombe na mkuu wake akanyamaza, kijiji hakimhesabii askari yule peke yake. Kinawahesabia wote, hata yule atakayekuwa doria peke yake mwezi ujao.

Wengine watasema imani hujengwa kwa fedha, na mkuu wa kanda hana fungu. Ni kweli kwamba mgawanyo wa mapato huamuliwa juu. Rwanda ilianza kuwapa majirani wa hifadhi asilimia 5 ya mapato ya utalii mwaka 2005, ikapandisha hadi 10 mwaka 2017, na mfano huo tuudai bila aibu. Hata hivyo, mengi yanayomuumiza mkulima hayahitaji bajeti mpya. Tembo wakiingia shambani usiku, yeye ana tochi na debe la kugonga. Asubuhi mahindi yamelala chini, naye anaanza safari ya kifuta jasho: ofisi ya kijiji, tathmini ya hasara, afisa wanyamapori wa wilaya, kisha wizara. Malipo yenyewe hayafikii thamani ya mavuno, na huchelewa. Kinachomkatisha tamaa kuliko uchache wake ni kutojibiwa, na jibu halina gharama ila muda wa kiongozi.

Kwa hiyo, ndugu wahitimu, mkiripoti vituoni, kabla ya kukagua magari na ghala la silaha, ombeni orodha ya madai ya majirani ambayo hayajajibiwa. Chukueni lile la zamani kuliko yote, mwende hadi kwa mwenye shamba, mmweleze lilipokwama na nani analishughulikia.