Timu Haishuki Siku ya Mechi ya Mwisho

Hotuba iliyotolewa Tibirinzi katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo





Nimepewa dakika chache nizungumzie mpira. Katika ratiba ya leo mpira umewekwa baada ya matangi ya maji ya skuli na baada ya paa la madrasa, na hapo ndipo pahala pake. Sikuja kugombania nafasi na madrasa. Nimekuja kwa sababu timu yetu imo katika hatari ya kushuka daraja, na mimi niliyewahi kuwa katibu wake nina la kusema. Sehemu ya hilo ni kukiri kosa langu mwenyewe.

Jina la timu silitaji. Kila aliyekaa hapa analijua, na wengine mna picha yake ukutani, wachezaji wamechuchumaa mstari wa mbele na mpira umewekwa katikati.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana vijana wengi wanadhani Pemba kazi yake katika mpira ni kujaza nafasi. Mwaka 2003 bingwa wa Zanzibar alikuwa Jamhuri ya Wete. Mwaka 2012 bingwa alikuwa Super Falcon, tena timu ya Pemba. Wote hao ni timu za uraiani, timu za watu kama mimi na wewe, hazikuwa na kikosi nyuma yao wala mshahara wa mwisho wa mwezi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. KMKM wakachukua 2013 na 2014. Mafunzo 2015. Zimamoto 2016. JKU 2017 na 2018. KMKM tena 2019. Miaka saba, na kila bingwa ni timu ya kikosi. Siwalaumu. Mchezaji wa kikosi ana ajira, analala akijua kesho atakula nini, na akiumia goti bado ni askari. Mchezaji wetu asubuhi yuko juu ya mkarafuu au yuko baharini, au anaendesha bodaboda, na jioni ndiyo anakuja mazoezini. Akiumia, amekosa mpira na amekosa riziki kwa siku moja.

Lakini msiniambie kwamba timu ya uraiani haiwezi tena. Mlandege waliuvunja mnyororo ule mwaka 2020. Kisha wakachukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na ile ya pili fainali waliwafunga Simba. Mlandege ni timu ya mtaa, kama yetu. Kwa hiyo jambo linawezekana. Suala ni kwa nini kwetu limekuwa zito.

Sababu ya kwanza ni hii bahari. Ligi yenye timu 16 kila timu inacheza mechi 30, nusu yake ugenini. Kwa timu ya mjini Unguja, ugenini mara nyingi ni kupanda gari na kurudi kulala nyumbani. Kwetu ni boti. Tufanye hesabu ya dukani. Chukueni safari kumi tu za Unguja kwa msimu. Wachezaji, walimu, daktari na mtu wa vifaa, tuseme watu 25. Kwenda na kurudi ni tiketi 50. Safari kumi, tiketi 500. Hapo hakuna aliyekula wala aliyelala. Na kijana aliyetapika asubuhi kwenye mkondo wa Nungwi, jioni tunamtaka akimbie dakika tisini mbele ya mtu aliyeamka kitandani kwake. Akifungwa mabao mawili, sisi tuliokaa kibarazani tunasema vijana wa siku hizi hawana uchungu na timu.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi kuitaja, kwa sababu ni sisi.

Mwaka jana nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mshika fedha wetu. Nilitaka kuliona daftari la wanachama. Akalitoa chini ya sanduku, limefungwa kwa kanga, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Tukakaa uwanjani kwake tukalifungua. Miaka ya mwanzo majina yamejaa kurasa: wavuvi, walimu, mafundi cherehani, wachuuzi wa soko la Chake, wakulima wa karafuu. Kila mwezi ada, kila jina na alama yake. Wapo waliolipa kwa karafuu, na mwandishi ameandika hivyo hivyo, pishi moja, pishi mbili. Wapo mama walioandikwa kwamba wamepika. Kwa watu wale, hiyo ilikuwa ada kamili.

Kadiri tunavyofunua, majina yanapungua. Kurasa tatu zikawa moja, moja ikawa nusu. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa haujafika hata robo.

Nikalitafuta jina langu. Nililiona likilipa, linalipa, halafu nafasi tupu. Nafasi ile inaanza mwezi niliohamia Dar es Salaam kutafuta maisha. Ndugu zangu, mimi tangu siku ile nimesema "timu yetu" mara ngapi? Nimegombana na watu kwenye vibaraza vya kahawa kwa ajili yake. Nimevaa jezi yake. Nimemtukana kocha kwa simu. Na sijalipa hata shilingi moja. Mzee yule hakuniambia neno. Alinimiminia kahawa tu. Lakini kile kimya chake ndicho kilichonileta hapa leo.

Ndipo nilipofahamu kwamba timu haishuki siku ya mechi ya mwisho. Siku ile tunasomewa matokeo tu. Timu inaanza kushuka siku wenyewe wanapogeuka watazamaji.

Tazameni wenzetu wa ng'ambo. Tanga si mbali nasi, na wengi wenu mna shangazi na binamu huko tangu enzi za majahazi ya Wete. Coastal Union ni klabu ya mwaka 1948, na mwaka 1988 ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo. Zote tatu zilishuka msimu ule ule mmoja. Mkoa mzima ulibaki bila timu. Fikirieni mji wa mpira kama ule, Uwanja wa Mkwakwani upo, na Ligi Kuu haipo.

Lakini Coastal haikufa. Wenzake wawili hawakurudi naye, ila yeye mwaka 2018 alirudi Ligi Kuu. Mwaka 2022 alicheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, akatoka sare ya 3-3 na Yanga, wakamtoa kwa penalti. Msimu wa 2023/24 akamaliza nafasi ya nne na akaenda kucheza mashindano ya Afrika. Miaka minane tu toka aibu ile. Na Pamba ya Mwanza, iliyotikisa nchi miaka ya tisini, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi 2024. Zipo nyingine zilizoshuka na hata jina halisikiki. Kushuka ni kitu kimoja na kufa ni kitu kingine. Inayorudi ni ile ambayo siku ya kushuka bado ina watu.

Kwa hiyo nasema waziwazi, ili asije mtu akadhani nimemficha. Fedha tunazoomba leo hazitanunua ushindi. Inawezekana tukachanga, na mwisho wa msimu tukashuka kwenda Daraja la Kwanza, Kanda ya Pemba. Sitaki mtu atoe mkono wake hapa kwa kudhani ananunua pointi. Nataka atoe ili timu, ikiwa juu au ikiwa chini, iwepo.

Mtu ataniuliza, iwepo kwa faida gani? Mpira si hospitali. Ni kweli. Lakini sisi watu wa Pemba tunaijua miaka ambayo siasa zilitufanya tususiane, hata dukani, hata mazikoni. Ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Miaka ile nilikuwa katibu, na nasema nililoliona kwa macho yangu: katika mazoezi yetu walikuwapo watoto wa nyumba zote mbili. Beki baba yake upande huu, kipa baba yake upande ule. Wazee hawakusalimiana njiani, lakini wote wawili walisimama ukingo mmoja wa kiwanja, na mpira ulipoingia wavuni waliruka pamoja kabla hawajakumbuka kwamba wamegombana. Kitu kama hicho ukikiacha kikafa, siku utakayokihitaji tena hutakipata dukani.

Na vijana wapo, msiseme hawapo. Nendeni pale kwenye viwanja vya mchangani saa kumi na moja jioni muone. Mlikuwapo Gombani Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipoletwa kwetu Chake. Zanzibar Heroes waliwafunga Burkina Faso 2-1 katika fainali, hapa hapa, hatua chache kutoka tulipokaa. Watoto wa Tibirinzi waliokota mpira wa karatasi njia nzima wakirudi nyumbani usiku ule. Mtoto aliyeona vile, tunampeleka wapi? Gombani tunayo. Nyasi zipo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka mchangani hadi pale.

Naomba mambo matatu.

La kwanza ni mfuko wa bahari. Fedha za mfuko huu ni za tiketi za boti na chakula cha safari, basi. Hazilipi usajili wala posho ya kiongozi. Tukiweza kuwavusha vijana siku moja kabla ya mechi, wakalala, wakaamka, hapo tu tumewapa kitu ambacho wapinzani wao wanacho bila ya kukiomba.

La pili ni timu ya watoto, chini ya miaka 15, na mwalimu wake alipwe hata kidogo, kwa wakati. Mchezaji tuliyemlea hatuhitaji kumnunua. Na akiondoka kwenda timu kubwa, tusinung'unike. Tuandikiane naye karatasi, aende kwa heshima na klabu ipate haki yake.

La tatu ni daftari. Nimenunua jipya. Lipo pale mezani, na la zamani lipo pembeni yake, mtu anayetaka kuliona jina la babu yake aende alifungue kwa uangalifu. Ada tumeiweka chini makusudi ili asikose mtu. Mwenye karafuu, msimu ukifika alete pishi yake kama wazee walivyofanya. Aliyeko Unguja, Dar es Salaam au Maskati atume kwa simu, na jina lake litaandikwa siku hiyo hiyo. Mama atakayepikia wachezaji ataandikwa kuwa amelipa. Fedha itawekwa benki kwa saini tatu, na hesabu itasomwa mbele yenu hapa mwakani, mstari kwa mstari. Siku ambayo haitasomwa, msitoe tena, na mniulize mimi.

Najua kuna walioumia huko nyuma. Walichanga, na hawakuambiwa fedha ilikwenda wapi. Wana haki ya kukunja mikono. Mimi nilikuwa katika uongozi na kuna miaka hatukusoma hesabu. Hatukuiba, lakini hatukusoma, na kwa mchangaji hayo mawili yanafanana. Nawaomba radhi.

Namalizia. Jana jioni nilipita kiwanja cha watoto hapa Tibirinzi, pale tunapoleta watoto wetu siku za sikukuu. Kulikuwa na watoto wanacheza chandimu. Mmoja alikuwa amevaa jezi ya timu yetu, ya zamani, kubwa, inamfika magotini. Nikamuuliza, mwanangu, hii ni timu gani? Akanitajia. Nikamuuliza, umewahi kuiona ikicheza? Akasema hapana, ni ya babu.

Sipendi iwe ya babu. Daftari lipo mezani na kalamu ipo. Jina la kwanza nimeandika langu, pamoja na deni langu lote la nyuma, nimelipa asubuhi ya leo. Mstari wa pili uko wazi.