MWANGA ULIO NDANI YA VALVU

 

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wazee wetu walikijua sana na ambacho vijana wengi hawajakiona, nacho ni valvu ya redio na ya amplifaya. Ni chupa ya kioo isiyo na hewa ndani, nyingine ndogo kama kidole gumba, nyingine kubwa kama balbu ya taa, na ukiiwasha huonyesha katikati yake mwanga wa rangi ya chungwa. Redio zile za zamani, zilizokaa juu ya meza kama kabati, zilikuwa na chupa hizo upande wa nyuma, na watoto walipenda kuchungulia katika matundu ya ubao waone moto usio na moshi. Matangazo ya redio yalipoanza Nairobi mwaka wa 1928, sauti ilikuzwa na valvu kule ilikotoka, ikakuzwa na valvu tena kule ilikofika.

Mwaka wa 1947 wataalamu wa Marekani walivumbua transista, na polepole valvu zikaondoka katika redio zetu. Lakini hazikufa. Hata leo zatengenezwa Urusi, Slovakia na China, na wapigaji wa gitaa huzinunua kwa bei ambayo ingemshangaza mzee aliyetupa redio yake jalalani. Sababu yao ni kwamba valvu ikisukumwa kupita kiasi haikati sauti ghafula, bali huiviringa, nao wapenda mviringo huo. Wako watu wanaoweza kubishana usiku kucha kama sauti ya valvu ni tamu kuliko ya transista. Sisi tutawaachia ubishi wao.

Yafaa tujue pia ilikotoka. Mwingereza mmoja, John Ambrose Fleming, mwana wa mchungaji, ndiye aliyetengeneza valvu ya kwanza mwaka wa 1904, naye alikuwa mtu mwenye shida ya kusikia. Tafakarini hilo: asiyesikia vizuri ndiye aliyefungua njia ya dunia nzima kusikia. Alikuwa Mkristo wa dhati, na aliwahi kuhubiri katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, juu ya ushahidi wa kufufuka kwake Bwana. Mwaka wa 1906 Mmarekani Lee de Forest aliongeza ndani ya chupa ile waya mwembamba wa tatu, na huo ndio uliowezesha sauti ndogo kukuzwa. Naye pia alikuwa mwana wa mchungaji! Basi kampuni iliyomiliki haki za Fleming ikampeleka de Forest mahakamani, na mwaka wa 1916 mahakama ya Marekani ikaamua kwamba amevunja haki hizo. Mambo hayakuishia hapo, kwa maana mwaka wa 1943 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikatamka kwamba haki za Fleming zenyewe hazikuwa halali, naye wakati huo alikuwa amepita miaka tisini. Wana wa wachungaji, kumbe, nao hugombania urithi.

Sasa tuingie ndani ya chupa yenyewe. Katikati pana kijiti kinachopashwa moto, kiitwacho kathodi. Kikipata moto wa kutosha, na hilo huchukua kama nusu dakika, hutoa chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni. Kando ya chupa limesimama bamba la chuma, anodi, lenye nguvu ya umeme ya volti mia mbili, mia tatu na zaidi, nalo huzivuta elektroni hizo kwa nguvu. Kati ya kijiti na bamba ndipo alipoweka de Forest ule waya wake, ambao mafundi huuita gridi, yaani wavu. Sauti ndogo kutoka kwa kinanda au kikuza sauti cha mhubiri huja juu ya wavu huo, nayo hufungulia na kufungia mto mkubwa unaopita. Wavu hautoi nguvu yoyote. Kazi yake ni kuzuia na kuachilia.

Na ili ufanye kazi hiyo, wavu hauna budi kuwekewa umeme kidogo wa hasi, wa kuzirudisha nyuma elektroni zisipite zote kwa pamoja. Hasi hiyo haionekani wala haisikiki, na mtu asiyejua angedhani ni kipingamizi tu.

Watu wengi wakiiona valvu inang'aa husema, "Naam, inafanya kazi." Fundi hasemi hivyo upesi. Yeye huuliza kwanza ni mwanga gani. Ule wa chungwa katikati ni moto wa kijiti tu; valvu iliyochoka kwa uzee yaweza kuwaka vivyo hivyo na isitoe sauti ya maana. Wakati mwingine huonekana rangi ya samawati juu ya kioo upande wa ndani, ikicheza pamoja na muziki. Mgeni huogopa, lakini haina madhara, ni elektroni chache zilizopotea njia zikagonga kioo. Lakini ukiona ukungu wa zambarau katikati ya vyuma vyenyewe, jua kwamba gesi imo ndani mahali palipotakiwa pawe patupu. Tena juu ya kioo pana doa la fedha lenye kung'aa kama kioo cha kujitazamia, nalo ni madini ya bariamu yaliyowekwa ili yameze hewa kidogo iliyobaki. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, chupa imepasuka, na hakuna dawa. Ziko valvu nyingine ambazo ukizigusa kwa kidole hulia katika spika kama kengele. Hizo fundi huzihamishia mahali pasipo na mtikisiko, wala hazitupi.

Mwanga mmoja tu humfanya fundi aruke kutoka kitini, nao ni mwekundu wa bamba la nje. Bamba halikuumbwa ling'ae hata kidogo. Likianza kuwa jekundu kama jiko la makaa, maana yake ile hasi ya wavu imepotea, na mto wapita bila kizuizi. Mara nyingi kosa haliko katika valvu yenyewe. Liko katika kapasita kuukuu ya bei ya chini, iliyofichika chini ya sahani ya amplifaya, ambayo imeanza kuvuja na kuleta umeme wa chanya mahali pa hasi. Na ajabu ni hii, kwamba katika dakika za mwanzo muziki waweza kuendelea kusikika vizuri. Wasikilizaji waliokaa mbele wafurahia, tena wasema chombo hiki leo kimechangamka. Fundi hangoji wimbo uishe. Huzima kwanza, kisha ndipo atafute sababu, wala hatii mkono ndani upesi, kwa kuwa volti zile hubaki katika kapasita kubwa hata baada ya umeme kuzimwa, nazo zaweza kuua.

Ndugu zangu, katika parishi zetu wako watu wenye bamba jekundu, nasi twawasifu. Mnamjua yule mama anayefundisha Shule ya Jumapili asubuhi, akaongoza kwaya katika ibada ya pili, akatunza kitabu cha fedha cha chama cha akina mama, Jumatano akaenda kwa wagonjwa, Ijumaa akakesha katika maombi, na nyumbani ana watoto wanne na mama mkwe aliyelala kitandani. Tukiona uso wake unavyong'aa twasema Roho amemshukia. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia hakuna tena kitu ndani yake kinachoweza kusema "la". Tena yuko mwinjilisti mwenye makanisa matano na baiskeli moja. Siku atakapoanguka tutasema shetani amempiga, nasi tulimwona akiwa mwekundu mwaka mzima.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 18 na ya 19, twasoma habari za Eliya. Juu ya mlima Karmeli moto wa Mungu ulishuka mbele ya taifa lote, na jioni ile nabii akapiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Nani angesema kwamba mtu huyo amechoka? Lakini ujumbe mmoja wa vitisho kutoka kwa Yezebeli ulitosha kumkimbiza mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mti akaomba afe. Angalieni alivyotendewa. Malaika hakumkemea wala hakumkumbusha ushindi wa Karmeli. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, akamwacha alale tena. Akamwamsha mara ya pili, akamlisha tena. Ndipo akapata nguvu za kwenda siku 40 mpaka Horebu. Na huko, baada ya kusikilizwa malalamiko yake yote, alipewa jina la mtu wa kushika kazi pamoja naye na baada yake, Elisha mwana wa Shafati, ambaye wakati huo alikuwa shambani akilima kwa ng'ombe.

Basi, wazee wa kanisa mnaotusikiliza, na ninyi mnaoandika orodha za zamu: juma hili ichukueni ile iliyobandikwa ukutani, mhesabu jina moja limeandikwa mara ngapi. Mkikuta limeandikwa mara sita, msimpelekee mtu huyo barua ya pongezi. Nendeni kwake jioni na chakula kilichokwisha kupikwa, mketi naye, msimwombe jambo lolote. Halafu mtazame shambani ni nani anayelima.