Mfupa Hautaki Haraka, Karatasi Zinataka Haraka
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya jambo linalowasumbua wengi wetu, yaani kuvunjika mifupa na kuteguka viungo, na namna ya kupona mpaka mtu arudi kazini. Sisi si madaktari. Sisi ni watu wa reli, watu wa mataruma, kokoto na mabehewa. Lakini katika kazi yetu chuma ni kizito na mwili ni nyama, na ni shida kupata genge lisilo na mtu aliyewahi kulala hospitali mguu ukiwa juu ya mto. Basi tumekusanya maswali ambayo wenzetu huuliza kila mara, na tutayajibu kwa mambo ambayo madaktari wanayajua kwa hakika.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 waliondolewa kazini kwa kuwa miili yao haikuweza tena, kwa magonjwa na kwa kuumia. Taruma likioza hutolewa na jingine likawekwa. Mtu hakustahili kutendewa hivyo. Leo kuna hospitali na kuna sheria, lakini vitu hivyo viwili havimsaidii mtu asiyejua kuvitumia.

Kwa hivyo neno letu la leo ni moja tu: mfupa hautaki haraka, lakini karatasi zinataka haraka. Wengi wetu hufanya kinyume. Huukimbiza mfupa, na karatasi wakaziacha zilale.

Swali la kwanza: Nitajuaje kama nimevunjika au nimeteguka tu?

Watu husema, "Kama ungekuwa umevunjika usingeweza kuusogeza." Si kweli. Kuna mifupa iliyovunjika na mwenyewe bado anatembea. Kwa kifundo cha mguu madaktari wana kipimo chepesi: kama huwezi kukanyaga hatua 4, au ukibonyezwa juu ya mfupa wenyewe unaruka kwa maumivu, yafaa upigwe picha.

Kwa mkono tujihadhari zaidi. Mtu akianguka kutoka kwenye behewa hujikinga kwa kiganja. Upande wa kidole gumba, pale penye kibonde kinachoonekana ukinyoosha kidole hicho juu, kuna mfupa mdogo. Mfupa huo ukipasuka, mara nyingine hauonekani katika picha ya siku ya kwanza. Tena damu huufikia kwa shida, na ukiachwa bila kufungwa sehemu yake yaweza kufa, na mkono ukabaki dhaifu maisha yote. Basi kama pale panauma, mwambie daktari aufunge mkono, na urudi baada ya siku 10 mpaka 14 upigwe picha ya pili, hata kama ya kwanza ilikuwa safi.

Na mwenzetu akivunjika mbele yetu, tusimvute kwa mikono na kumtupa garini kama gunia. Tuufunge mguu au mkono kwa ubao au kwa kigongo, vile vile ulivyolala, kamba isikaze mno. Kama kuna kidonda, tukifunike kwa kitambaa safi. Tusitie udongo, wala mafuta ya mashine, wala majani. Mfupa ukitokeza nje tusiusukume ndani. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, kwa maana anahitaji dawa ya kuzuia usaha mapema, na sindano ya pepopunda.

Swali la pili: Plasta itakaa muda gani?

Hapa ndipo ugomvi na daktari unapoanza. Mtu ana watoto, ana karo na ana deni dukani, naye anaambiwa miezi 3. Basi tueleze kinachofanyika ndani. Siku za kwanza damu hujikusanya penye mvunjiko. Baada ya wiki 2 au 3 pale panakuwa na kitu laini kinachonata, kinashika vile vipande viwili lakini hakiwezi kubeba mzigo. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 kitu hicho hugeuka polepole kuwa mfupa. Kisha kwa miezi mingi, hata miaka, mfupa hujichonga wenyewe mpaka ukawa kama zamani.

Sisi wa reli hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Njia ikitandikwa upya, garimoshi haliruhusiwi kupita siku ile kwa mwendo wa kawaida. Huwekwa alama ya mwendo wa pole mpaka kokoto zishikane. Dereva akipuuza alama, njia hupinda na kazi yote huanza tena. Mfupa nao una alama yake ya mwendo wa pole.

Kwa mtu mzima, kifundo cha mkono huchukua wiki 6 hivi. Muundi wa mguu huchukua miezi 3 au 4, mara nyingine zaidi. Mfupa wa paja huchukua miezi 3 mpaka 6. Mtoto hupona upesi kuliko sisi, kwa hivyo usijipime na mwanao aliyeanguka kwenye mwembe. Maumivu kupungua si dalili kwamba mfupa umeshika. Tumewaona watu waliokata plasta kwa kisu cha jikoni wiki ya 4 kwa sababu haikuuma tena. Mguu ukaunga upande, ukawa mfupi, na kazi ya njia ikawashinda kabisa.

Wengine hutiwa vyuma, na huuliza kama chuma hicho kinaponya. Chuma hushikilia tu. Mfupa hujiunga wenyewe. Faida yake ni kwamba mtu huweza kuinuka na kuanza mazoezi mapema. Mara nyingi chuma huachwa ndani bila madhara, ila kikileta taabu.

Swali la tatu: Maumivu gani ni ya kawaida, na gani ni ya hatari?

Kuvimba kidogo na kuwashwa ndani ya plasta ni kawaida. Inua mguu juu ya mto, chezesha vidole kila mara, usilowanishe plasta, na usiingize kijiti wala waya wa baiskeli kujikuna, maana utajichubua na kidonda kitaoza pasipoonekana.

Lakini maneno haya yafuatayo tunaomba kila mtu ayashike. Kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, na dawa haisaidii; kama ukinyooshewa vidole unalia; kama plasta inabana, vidole vinakufa ganzi, vinakuwa baridi, vyeupe au vya rangi ya buluu; hiyo si kazi ya kuvumilia. Nyama ndani inabanwa na inakosa damu, na ndani ya saa 6 hivi inaweza kuanza kufa. Usingoje asubuhi. Usingoje siku ya kliniki. Rudi hospitali usiku ule ule, plasta ipasuliwe. Mtu aliyesifiwa kwa kuvumilia usiku mmoja anaweza kupoteza mkono.

Tena, baada ya kuvunjika mguu, kama ndama ya mguu inavimba na kuuma, au ukaona pumzi inakatika na kifua kinachoma, nenda mara moja. Yaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa.

Swali la nne: Je, niende kwa mchuaji?

Hatusemi haya kuwadharau wazee wetu. Wapo wenye mikono mizuri, na wengi wetu tulitibiwa nao tukiwa watoto. Lakini mambo mawili ni hatari. La kwanza ni kufunga vijiti kwa kukaza sana; damu hukatika na mguu huoza. La pili ni kuchua kwa nguvu kiungo kilichovunjika, hasa kiwiko. Nyama iliyoumia ikichuliwa hivyo yaweza kuota mfupa ndani yake, na kiwiko kisikunjike tena. Bega likitoka mahali pake, tusilivute wenyewe njiani. Hatujui kama pana mfupa uliopasuka. Anayetaka kwenda kwa mzee, na apige picha kwanza.

Swali la tano: Mbona plasta imetolewa na mguu haufanyi kazi?

Wengi huogopa hapa. Mguu ukitoka katika plasta ni mwembamba, ngozi ina magamba, goti ni gumu kama bawaba yenye kutu, na jioni kifundo huvimba. Huo si uchawi wala daktari hakukosea. Nyama isiyofanya kazi hupungua, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Dawa yake ni mazoezi, nayo huanza zamani, siku ile ile ya plasta, kwa viungo vilivyo huru: vidole, bega, nyonga. Baadaye fanya uliyofundishwa hospitali, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Kuuma kidogo kunakotulia baada ya muda si kitu. Kuuma kunakokesha nawe usiku ni alama kwamba umezidisha. Magongo nayo si aibu. Yaache daktari akisema, si majirani wakisema. Kawia ufike.

Swali la sita: Nile nini?

Supu ya mifupa ni chakula kizuri, lakini haijengi mfupa kuliko vyakula vingine. Mwili unataka maharagwe au dengu, omena, mayai, maziwa, mboga za majani na matunda, na jua la nje. Jambo moja limethibitishwa kabisa: sigara huchelewesha mfupa kuunga. Anayevuta akiwa ndani ya plasta anajiongezea majuma bila mshahara. Na pombe pamoja na magongo huleta plasta ya pili.

Swali la saba: Na kazi yangu?

Sasa tumefika kwenye karatasi. Sheria ya fidia ya kuumia kazini ni ya mwaka 2007, na inamhusu kila mwenye mkataba wa kazi. Ukiumia, mwambie mkubwa wako siku ile ile, mbele ya shahidi, na uhakikishe imeandikwa. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Gharama za matibabu zinazotokana na ajali hiyo, pamoja na usafiri wa hospitali na dawa, ni juu ya mwajiri. Asiyeweza kazi kwa siku 3 au zaidi ana haki ya malipo ya muda badala ya mshahara, hata kufika miezi 12. Ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia, na ulemavu kamili hesabu yake ni mapato ya miezi 96. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi.

Wako wakubwa wa kazi wanaosema, "Usiandikishe, bwana, tutakutunza." Humpa mtu noti chache na kumwambia akae kwenye stoo mpaka apone. Miezi 12 ikipita, stoo imefungwa, mguu haukunjiki, na hakuna karatasi hata moja inayosema aliumia kazini. Ndugu, huruma isiyoandikwa haidai fidia. Shukuru kwa noti, lakini andikisha.

Na daktari akisema urudi kwa kazi nyepesi, mwombe aandike maana yake: usibebe zaidi ya kilo ngapi, usipande wapi, usisimame saa ngapi, mpaka tarehe gani. "Kazi nyepesi" bila maelezo huwa kazi ya kawaida kabla ya saa nne asubuhi. Karatasi hiyo mpe mkubwa wako, na nakala mpe mjumbe wa chama.

Ndugu, mtu aliye kitandani na mguu umefungwa hawezi kukimbia ofisi kwa ofisi. Yeye kazi yake ni kukaa na kuungoja mfupa. Kukimbia ni kazi yetu sisi wenye miguu miwili. Kwa hivyo tunapendekeza mbele ya mkutano huu kwamba kila genge, kila karakana na kila stesheni ichague mtu mmoja wa kuangalia karatasi za aliyeumia: kuandika siku, saa, mahali na majina ya mashahidi, kuhakikisha taarifa imepelekwa ndani ya siku 7, na kumtembelea mgonjwa amwambie imefika wapi. Mgonjwa anayejua kwamba karatasi zake zinatembea hatakata plasta kwa kisu.

Tunaomba jambo hilo lijadiliwe leo, na majina yaandikwe kabla hatujatawanyika.