Usingizi Si Dawa: Hitilafu za Mbio Kiendeshaji cha Wi-Fi Kinapoanza

Hitilafu ya mbio hutokea pale kazi mbili zinazokwenda sambamba zinapogusa kumbukumbu ileile, na matokeo yakategemea ipi imetangulia. Katika kiini cha Linux, kiendeshaji cha Wi-Fi hutenga kumbukumbu, hupakia programu dhibiti ya kadi, kisha hujiandikisha kwa tabaka la mac80211. Upakiaji mara nyingi hupitia request_firmware_nowait, ambayo hurudi papo hapo na kuuachia uzi mwingine kazi. Kifaa kikishaandikishwa, programu ya wpa_supplicant inaweza kukifungua wakati huohuo. Miundo ya ndani ikiwa haijajazwa, hukutwa kielekezi tupu na kiini huanguka.

Wako wahandisi wanaoamini kwamba dawa ni msleep: kiendeshaji kilale milisekunde 50, na hitilafu ikirudi, 100. Kwao, mashine iliyowaka mara mia bila kuanguka imepona. Hoja hiyo haisimami. Usingizi haupangi chochote. Hupunguza tu nafasi ya nyuzi kugongana, na diski iliyolemewa huirudisha nafasi hiyo. Hata kuchapa ujumbe wa ufuatiliaji ni usingizi: herufi 80 kupitia lango la mfululizo la biti 115,200 kwa sekunde huchukua karibu milisekunde 7, muda mrefu mno kwa prosesa. Ndiyo maana kompyuta huweza kuwaka salama ujumbe unapochapwa, na kuanguka unapoondolewa.

Msleep ina kazi moja halali: kupanua ufa. Ikiwekwa baina ya uandikishaji na ujazaji wa miundo, hitilafu ya nadra hujitokeza karibu kila mara. KCSAN, kigunduzi kilichoingia Linux 5.8 mwaka 2020, hufanya vivyo hivyo: huchelewesha uzi mmoja na kutazama kama mwingine utagusa mahali pale. Marekebisho ya kweli hustahimili usingizi popote utakapowekwa.

Hakuna andiko linaloeleza suala hili la mpangilio wa hatua kwa uvumilivu kama memory-barriers.txt, waraka wa David Howells na Paul McKenney uliomo katika msimbo wa kiini chenyewe. Prosesa moja inaandika A na B, nyingine inazisoma. Ni hatua nne tu, lakini waraka unahesabu mipangilio 24 na jozi nne tofauti za majibu. Anayeufuata mfano huo kwa kalamu huacha kuamini kwamba prosesa nyingine huona kazi kwa mfuatano zilivyoandikwa.

Kanuni, basi, ni kujaza kila kitu kwanza na kuandikisha mwisho. Pingamizi lenye uzito lipo: kadi nyingine hazitoi anwani ya MAC mpaka programu dhibiti ijibu. Hata hapo kanuni haivunjiki. Uandikishaji huhamia mwishoni mwa kitendakazi kinachoitwa upakiaji unapokamilika. Kadi ya USB ikichomolewa upakiaji ukiendelea, njia ya kuondoa kifaa lazima ingoje kwa wait_for_completion kabla ya kuachia kumbukumbu. Upakiaji ukishindikana, complete, inayomaliza kungoja huko, iitwe vilevile. La sivyo uondoaji utangoja bila kikomo.