Mbegu Bora ya Maharage na Wajibu wa Chama



Mkulima avunapo maharage haba hulaumu mvua. Mara nyingi adui alipandwa pamoja na mbegu, kwa kuwa chule, madoa pembe na virusi vya batobato hukaa ndani ya punje.

Kwa sababu hiyo watafiti huzalisha aina zenye kustahimili. Hufungua tumba la ua kabla halijachanua, huondoa sehemu za kiume, kisha hupaka chavua ya aina nyingine. Uzao hupandwa misimu mingi: mche mgonjwa hung'olewa, uzaao vema hutunzwa. Punje zisizopendeza jikoni au sokoni nazo hukataliwa. Kwa kazi ya uchaguzi wa namna hii Tanzania ilipata Uyole 84, Lyamungu 85, Lyamungu 90 na Selian 97; tarakimu hizo ni mwaka wa kutolewa.

Ua la haragwe hujichavusha lenyewe. Basi mwanachama aweza kuhifadhi mbegu yake, tofauti na mahindi chotara. Lakini uhuru huo una masharti. Mimea yenye afya ichaguliwe ingali shambani, ivunwe peke yake, na mbegu isichanganywe na maharage ya chakula ghalani. Vimelea navyo hubadilika, na aina iliyokinga jana yaweza kushindwa kesho; kwa hiyo mbegu safi iletwe upya kila baada ya misimu michache.

Chama kinachochanganya mbegu hupoteza kwa msimu mmoja kazi ya miaka mingi.