Asishuke Mtu Shimoni Kabla ya Mafunzo

Hotuba ya kufungua mafunzo ya usalama kazini kwa wafanyakazi wa majitaka



Nimefurahi kuwaona vibarua katika ukumbi huu. Mara nyingi mafunzo ya namna hii huwafikia wakubwa wa ofisi, wakapewa vyeti na kurudi mezani, huku anayeinua mfuniko na kushuka shimoni akiachwa ajifunze kwa kutazama wenzake. Leo anayeshuka ndiye anayefunzwa kwanza.

Uchafu unapooza mahali pasipopita hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutulia chini. Ikiwa kidogo, hunuka kama yai viza. Ikizidi, pua hushindwa kuinusa, na mtu hudhani hatari imepita kumbe imeongezeka. Ikiwa nyingi sana, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha.

Kisha huja msiba wa pili. Mwenzake anamwona ameanguka, anashuka upesi kumwokoa, naye anaanguka papo hapo. Wakati mwingine hufuata wa tatu. Watu hawa hawakukosa ujasiri, walikosa mafunzo. Ndiyo maana somo la kwanza leo ni hili: mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Piga kelele, ita msaada, vuta kamba.

Lakini kamba huvutwa tu ikiwa ilifungwa tangu mwanzo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko wazi. Mahali panapohofiwa kuwa na hewa ya sumu, na ambapo hapajapimwa na kuthibitishwa kuwa salama, anayeingia avae kifaa cha kupumulia na mshipi wenye kamba. Nje awepo mtu wa kumwangalia, mwenye uwezo wa kumvuta, akiwa ameshika ncha ya kamba hiyo.

Sheria hiyo inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, iundwe kamati ya usalama na afya. Nawe mfanyakazi, ukiona hatari kubwa, mwarifu msimamizi mara moja. Hutakiwi kurudishwa hapo kabla hatari haijaondolewa.

Ndugu wasimamizi, najua shinikizo mlilo nalo. Mtaro umeziba, soko linanuka, simu hazikomi. Hata hivyo, wananchi wakisubiri saa mbili zaidi, watanung'unika na mwishowe mtaro utazibuliwa. Mtu akifia shimoni, hakuna ripoti itakayomrudisha kwa watoto wake. Kibarua akikuambia, "Mkubwa, hapa sishuki bila kamba," usimwone mkaidi. Anafanya kile tulichomfundisha.

Mafunzo ya siku moja hayatoshi. Vibarua hubadilika kila mara, na mkono usiofanya mazoezi husahau. Kila kibarua mpya afundishwe kabla ya kuinua mfuniko wa kwanza, na zoezi la uokoaji lirudiwe mara kwa mara kituoni, kwa vifaa vile vile vinavyotumika kazini.

Tahadhari kabla ya hatari. Sasa tutoke uani, kila mmoja ajifunge mshipi na kujaribu kumvuta mwenzake.